Saanane Si Saa: Kisa cha Kisiwa na Mji Wake

Wiki moja kabla ya kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza, niliwapa kazi fupi. Kila mmoja achane karatasi, aandike kwa sentensi tatu au nne kwa nini kisiwa kile kinaitwa hivyo. Ubaoni sikuliandika jina. Nilikitaja kisiwa mara moja kwa mdomo, nikakaa.

Jioni nilizisoma zile karatasi mezani kwangu nyumbani. Nyingi zilikuwa na saa ndani yake. Msichana mmoja aliandika: "Kiliitwa Saa Nane kwa sababu meli ya kwanza ya Wazungu ilitia nanga saa nane mchana." Mwingine: "Zamani wavuvi walikatazwa kuvua pale baada ya saa nane." Mvulana mmoja wa Igogo, ambaye hukaa nyuma kabisa na huwa haandiki zaidi ya mstari, safari hii alijaza nusu ukurasa. Alisema jua la saa nane huangukia jiwe kubwa la kisiwa, kivuli chake kikafika majini, na hapo wavuvi wa zamani wakajua muda wa kugeuza mitumbwi. Ni jibu zuri sana. Nilimwekea alama ya pembeni kwa ajili ya lugha, halafu nikabaki nimeishika kalamu, maana si kweli.

Karatasi mbili tu zililiandika jina kwa neno moja, na moja kati ya hizo ilikuwa na sentensi moja tu: "Ni jina la mzee aliyekuwa anakaa pale."

Huyo ndiye aliyepata. Kisiwa kina jina la mtu. Aliitwa Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, na kisiwa kilikuwa makazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilimhamisha ili pale pawekwe bustani ya wanyama, na mwaka 1964 bustani hiyo ikaanzishwa, ya kwanza ya serikali katika nchi yetu. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake, ukijumlisha na eneo la maji linalokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18, yaani hifadhi ya taifa ambayo ukisimama juu ya mwamba wake unaona mwisho wake kila upande, na ng'ambo unaona majumba ya Mwanza.

Kwa hiyo kisa chenyewe ni hiki: watoto waliozaliwa Mwanza, wanaokiona kisiwa wakipita barabara ya kandokando ya ziwa, wamelisikia jina la mtu kila siku ya maisha yao, na hawajawahi kumsikia mtu. Nilitaka kujua imekuwaje.

Sababu ya kwanza iko mdomoni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "saa nane", mkazo uko kwenye NA. Sema "Saanane", mkazo uko palepale. Hakuna pumzi katikati inayoweza kukuokoa. Nililijaribu hili darasani kesho yake. Niliwapa mgongo, nikatamka mara sita, mara nyingine nikiwa nafikiria saa na mara nyingine nikiwa namfikiria mzee, nikawaambia wainue mkono wanaposikia mtu. Mikono ilipanda na kushuka ovyo, hakuna aliyepata zaidi ya kubahatisha. Sikio haliwezi kuamua. Ni kalamu tu inayoamua, na kalamu za mji huu zimekuwa zikiandika vyote viwili: utakuta "Saa Nane" kwa maneno mawili hapa, "Saanane" kwa neno moja pale, wakati mwingine katika tangazo moja.

Lakini sarufi yetu ina kipimo ambacho hakidanganyi. Saa *ilifika*, Saanane *alifika*. Nikawarudishia karatasi zao, nikawaambia wazungushie viambishi vya mwanzo vya vitenzi vyote walivyoandika. Meli *i*litia nanga. Jua *hu*angukia. Wavuvi *wa*likatazwa. Karatasi baada ya karatasi za saa, hapakuwa na *a-* hata moja. Hakuna aliyelima, hakuna aliyejenga, hakuna aliyetega wavu, hakuna aliyeambiwa ahame. Darasa lilinyamaza kidogo walipoliona hilo kwa macho yao wenyewe. Mimi pia, kwa sababu nilikuwa nafikiri nasahihisha tahajia.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na inahusu namna mji huu unavyosikia. Watoto wangu wengi lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Kisukuma wanakipata likizo, kwa bibi, Magu au Misungwi au Kwimba. Wengine wazazi wao ni Wahaya, Wajita, Wakerewe, Wakurya, na lugha ya pamoja uani ni Kiswahili tu. Kwa hiyo wakikutana na jina wanalipekua kwa funguo za Kiswahili. Sitaki kuwalaumu, kwa sababu mara nyingi ufunguo huo unafungua. Chukua mitaa ya hapa: Mabatini mna mabati ndani. Mkuyuni kuna mkuyu. Makoroboi ni koroboi, zile taa za kibati zenye utambi. Mtoto aliyeona milango mitatu ikifunguka kwa ufunguo mmoja, kwa nini asiujaribu kwenye wa nne?

Tatizo ni kwamba ufunguo huu huingia hata kwenye milango usiyoihusu. Nina mwanafunzi aliyehamia kutoka Musoma anayeamini kwa dhati kwamba mji wake umetokana na kusoma, kwamba shule ya kwanza ilikuwa pale. Musoma ni *omusoma*, neno la wenyeji la rasi, kipande cha nchi kilichochomoza ziwani; ukiutazama mji kwenye ramani utaiona rasi hiyo mara moja. Hakuna kitabu ndani yake.

Basi nikaona nisiishie kisiwani. Nikawauliza: na Mwanza je?

Majibu yalikuja haraka. Mwanza ni mwanzo. Mwanzo wa ziwa, alisema mmoja. Mwanzo wa reli, alisema mwingine, na hilo lilipata wafuasi wengi kwa sababu kweli treni ya Tabora inaanzia hapa. Nikawaambia reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji ulikuwa na jina lake zamani sana. Hapo ndipo mkono wa msichana mmoja makini ukapanda, akatoa jibu ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha kwa miaka: "Madamu, lilikuwa Nyanza, Wajerumani wakashindwa kulitamka wakasema Mwanza."

Jibu hili limo kwenye vinywa vya watu wengi wenye elimu, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nusu yake ina mwili. *Nyanza* ni neno halisi la Wasukuma na majirani zao kwa ziwa, maji makubwa. Ndilo lililobaki katika Victoria Nyanza ya ramani za zamani, na katika uliokuwa mkoa wa Nyanza upande wa Kenya. Wajaluo wanaliita ziwa hilohilo Nam Lolwe, Waganda wanaliita Nalubaale. Kila pwani na lake. Kwamba Mwanza ni mji wa nyanza, silipingi. Ninachopinga ni Mjerumani.

Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, na kwa tahajia yao wakaandika *Muansa*. Lakini John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuja kutoka Tabora akimwacha mwenzake Burton kule, alifika kwenye vilima vya hapa tarehe 3 Agosti 1858. Katika maandishi yake ya safari hiyo ziwa analiita Nyanza, na mahali aliposimama anapaita *Muanza*. Majina yote mawili, ya mtu mmoja, safari moja. Hakuyachanganya. Hiyo ni miaka 34 kabla ya Mjerumani yeyote kuweka matofali hapa. Kama jina Mwanza ni kosa la ulimi wa Kijerumani, ulimi huo ulikosea kabla haujafika.

Niliposema hivyo yule msichana aliuliza swali ambalo lilinifanya nikae chini: "Sasa nani alibadilisha?"

Nilimjibu kwa kumwelekeza kwa bibi yake. Mama yangu, aliyezaliwa Magu, hasemi Mwanza akiwa anaongea Kisukuma. Anasema *Ng'wanza*, na ile ng' ya mwanzo inapita puani. Mtoto kwake ni *ng'wana*; sisi tunasema mwana. Mwaka ni *ng'waka*. Mwezi ni *ng'weji*. Yule mganga na mtenda maajabu ambaye Usukuma wote unamjua, wao wanamwita Ng'wanamalundi, na magazeti ya Kiswahili yanaandika Mwanamalundi. Ni njia ileile kila mara: penye ng'w ya Kisukuma, Kiswahili huweka mw. Hakuna aliyeshindwa kutamka kitu. Jina lilipotoka kwenye mdomo wa Msukuma na kuingia kwenye mdomo wa msafara wa watu wa pwani, lilivaa nguo za pwani, kama kila neno linavyofanya.

Na msafara wa Speke ulikuwa wa watu wa namna hiyo. Mkalimani wake katika safari ya kuja hapa alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar. Speke aliwahi kuwa askari India, na walielewana kwa Kihindustani. Ukilifuata jina la mji wetu hadi lilipoandikwa kwa mara ile, unaona limepita kwenye sikio la mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anaitwa kwa jina la mji, Bombay ya India. Huwa naisoma habari hiyo polepole. Sisi tunahangaika na kisiwa kilichopata jina la mtu, na katikati ya kisa anasimama mtu aliyevishwa jina la bandari.

Sasa turudi kisiwani, maana hapa ndipo visa viwili vinapoachana. Ng'wanza ilipogeuka Mwanza, kilichobadilika ni sauti. Kitu chenyewe kilibaki: mji, ziwa, watu. Bibi na mjukuu wanaelewana mmoja akisema Ng'wanza na mwingine Mwanza. Saanane ilipogeuka Saa Nane, sauti haikubadilika hata chembe, kilichobadilika ni maana, na pamoja na maana akaondoka mtu mzima. Ndiyo maana la kwanza halinisumbui na la pili linanisumbua.

Kuna jambo jingine lililojitokeza darasani ambalo sikuwa nimelitarajia, na kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Niliwauliza kuhusu yale mawe maarufu yaliyosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, ambayo kila mgeni hupiga nayo picha. Jiwe la Bismarck, walisema wote. Bismarck ni nani? Wote walijua ni mtu, wengi walijua alikuwa mtawala wa Ujerumani. Ghuba ya Speke, ile inayoingia mashariki kuelekea Magu na Bunda? Ni mtu, Mzungu aliyekuja zamani. Hakuna hata mmoja aliyedhani Speke ni aina ya samaki au Bismarck ni saa ya siku.

Otto von Bismarck hakuwahi kukanyaga Mwanza. Ghuba ya Speke haikupewa jina na watu wa huku. Alilitia Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, mwaka 1875 alipozunguka ziwa kwa mashua yake. Majina haya yamekaa salama kwa sababu Kiswahili hakina pa kuyashika. Ugeni wake ndio ulinzi wake. Ukisikia Bismarck huna neno la kulipachika, kwa hiyo unauliza, na ukiuliza unaambiwa ni mtu fulani. Ukisikia Saanane huulizi, unadhani umeshajua. Aliyelima kisiwa akasahaulika kwa sababu jina lake lilikuwa jepesi kwetu, na asiyekuja kabisa akakumbukwa kwa sababu jina lake ni gumu.

Hata lugha za kigeni hufanya hivyo kwa watu wao. Upande wa Uganda kuna Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell, na kutoka bandarini jina likaingia kwenye bia ya Bell. Mnywaji anayejua Kiingereza kidogo anasikia kengele. Na kule Kisumu, reli ilipofika ziwani mwaka 1901 kituo kiliitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli; hilo halikusikika kama kitu chochote, likadondoka, Kisumu ikarudi kwa wenyewe. Lakini gavana ana vitabu vya kumbukumbu, bia au hakuna bia. Mzee wetu ana jina la kisiwa tu.

Mwalimu mwenzangu, ninayemheshimu, alinisikia nikiyasema haya ofisini akaniuliza watoto watapungukiwa nini wakiamini ni saa. Mtihani hauulizi. Watalii hawaulizi. Hadithi ya kivuli cha jiwe ni tamu kuliko habari ya mtu kuhamishwa. Nililifikiria swali lake siku mbili kwa sababu lilikuwa la haki. Jibu langu ni kwamba Mzee Saanane alihamishwa mara moja kwa amri, ili sisi wote tupate mahali pa kuona wanyama, na jina ndilo pekee lililobaki kisiwani baada yake. Tukiliandika kwa maneno mawili tunamhamisha tena, safari hii bila hata amri, kwa uvivu wa kalamu.

Yule mvulana wa Igogo hakuridhika. Alisubiri kengele ilie, akanifuata mlangoni. "Lakini madamu, huenda yeye mwenyewe aliitwa Saanane kwa sababu ya saa." Nilifurahi sana kwa swali lile. Tuko Usukumani, ambako Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayefuata nyuma ya mapacha, Mbula amepewa jina la mvua, na Bujiku la usiku. Nikamwambia hata hivyo aangalie jina Jumanne. Lina juma na lina nne ndani yake, yamegandishwa pamoja. Ukisikia "shamba la Jumanne" na kijijini kuna mzee wa jina hilo, unafikiria siku ya kwenda kulima au unamfikiria mzee? Akacheka, akasema mzee. Na ukiliandika jina lake, unaandika Juma Nne? Hapana. Basi, nikasema, jina likishamkaa mtu ni la mtu. Aliondoka akilirudia kwa sauti ya chini, Jumanne, Saanane, Jumanne, Saanane.

Niliwaambia waandike upya, na sharti lilikuwa moja: sentensi ya kwanza ianze na Saanane na kitenzi chake kianze na *a-*. Zilizorudi zilikuwa fupi kuliko za mwanzo na hazikuwa na vivuli vya mawe. "Saanane aliishi hapa." "Saanane alikuwa mkulima na mvuvi." "Saanane alihamishwa ili wanyama waletwe." Hizo ndizo tulizozibandika ukutani.

Siku ya safari tulifika gatini Capri Point mapema. Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaamka, na nahodha hakutaka mtoto asogee ukingoni kabla ya kuvaa boya. Tulivuka kwa makundi. Kisiwani watoto walikimbilia pimbi waliokuwa wakiota jua juu ya mawe, wakapiga kelele kwa mijusi yenye vichwa vyekundu, wakachoka, wakala mihogo yao kivulini.

Nilipoanza kuwahesabu kwa ajili ya kurudi, wawili walipungua. Niliwakuta upande wa pili wa mwamba, yule mvulana wa Igogo na msichana wa swali la Wajerumani, wamechuchumaa kwenye bonde dogo kati ya mawe mawili makubwa ambako udongo mweusi umejikusanya. Mvulana alikuwa ameshika kijiti, anakichomeka ardhini kupima kina.

"Hapa panaingia mkono mzima, madamu," alisema. "Kwingine kote ni mawe. Nadhani hapa ndipo angeweza kulima."